Faili la Suna Liko Chini ya Kisii

Anayetaka kusoma ripoti za utawala wa kikoloni kuhusu Suna, Kadem au Karungu, maeneo ambayo leo yako Migori, itambidi aende Nairobi, kwenye jumba la Kumbukumbu za Taifa, na akifika asiulize Migori. Ripoti za mwaka za enzi zile zimewekwa chini ya alama DC/KSI. KSI ni Kisii, kwa kuwa mkuu wa wilaya ya South Kavirondo alikaa Kisii, na karatasi za kutoka milima ya Wagusii hadi ufuo wa Ziwa Victoria zilipita mezani kwake. Mwaka 1948 wilaya hiyo ikapewa jina la Nyanza Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kisii ikatengwa, na makao makuu ya Nyanza Kusini yakahamia Homa Bay. Miaka ya 1990 Nyanza Kusini nayo ikamegwa: Homa Bay, Migori, Suba, Rachuonyo, Kuria. Kisha mwaka 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi, na vipande hivyo vikakusanywa kuwa kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Mipaka ilihama tena na tena, majina yakabadilika, wakuu wakaja na kuondoka. Alama iliyo mgongoni mwa faili imebaki ile ile.

Jambo hili linaweza kuonekana ni la wanahistoria peke yao, lakini ndilo linalowakwamisha watu wengi wanaofanya kazi pamoja leo hii: timu ya afya ya kaunti ndogo, kamati ya ufuo, chama cha akiba na mikopo, walimu wa shule moja. Karibu kila kundi la namna hiyo sasa lina mahali pa pamoja pa kuwekea hati, iwe ni Google Drive, kompyuta moja ya ofisi au diski inayopitishwa mkono kwa mkono. Ndani yake mna folda, na ndani ya folda mna folda nyingine. Aliyeanza kuzitengeneza hakuketi na wenzake kukubaliana. Alifungua moja siku aliyoihitaji, akaipa jina lililomjia, na waliomfuata wakaendelea kupachika zao. Ninaloshikilia hapa ni kwamba folda lazima zifuate swali la mtu anayetafuta, si cheo cha mtu anayeweka. Na kwa kuwa folda zote hatimaye huvunjwa na kupangwa upya, kila hati iwe na jina linaloweza kujitegemea siku itakapotolewa ndani ya folda yake.

Tuanze na pale mpangilio wa tabaka unapofanya kazi vizuri. Tangu mwaka 2011 Kenya inakusanya takwimu za afya nchi nzima kwa mfumo wa DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Ukiufungua unakutana na mti: nchi, chini yake kaunti, kisha kaunti ndogo, wadi, kituo cha afya, na mwishoni kitengo cha afya ya jamii. Homa Bay ina maeneo bunge 8 na wadi 40. Migori vilevile 8 na 40. Kwa njia ya karatasi, mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kaya takriban 100 huandika alichofanya kwenye daftari la Wizara ya Afya, MOH 514. Msimamizi wake hujumlisha kazi ya wahudumu wote wa kitengo kwenye fomu ya MOH 515 kila mwezi. Jumla hiyo huchorwa kwenye ubao wa MOH 516 ili wanakijiji waione kwa macho yao, kisha huingizwa kwenye mfumo. Takwimu hupanda mti ngazi kwa ngazi. Mtu wa Nairobi akitaka kujua hali ya wadi moja ya Nyatike, hushuka kwa njia ile ile zilikopandia. Mti huo unawafaa wote kwa sababu kila tawi lake ni mahali, na mahali ni jambo ambalo anayeweka na anayetafuta wanalijua sawasawa kabla hata hawajawasha kompyuta.

Wajaluo wa kaunti hizi wana mfano wa zamani zaidi wa mpangilio wa namna hii. Anayeingia katika dala, boma la familia, haelekezwi. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazamana na lango kuu. Ya wa pili, nyachira, ina upande wake, na ya wa tatu upande mwingine. Simba, yaani nyumba za wana wa kiume, ziko karibu na lango. Mgeni aliyetoka Rongo akiingia boma la Rusinga ambako hajawahi kukanyaga anajua aanzie wapi salamu zake. Uzuri wa dala haumo katika nyumba moja moja. Umo katika makubaliano: maboma yote yana mpango mmoja, kwa hiyo kujifunza moja ni kujifunza yote. Folda za timu nyingi hazina kitu hicho. Folda ya chanjo imegawanywa kwa miaka, ya lishe kwa wadi, ya malaria kwa jina la ofisa aliyekuwa zamu, na kila ukifungua nyingine unaanza kujifunza upya. Mgawanyo wa miaka unaweza kuwa mzuri, na wa wadi pia. Kinachochosha ni kukuta kila chumba kina sheria yake.

Hata hivyo mahali nako kuna mitego, na hapa Homa Bay inafundisha kuliko kitabu chochote. Mtu wa uchaguzi anasema Karachuonyo. Mtu wa utawala anasema Rachuonyo Kaskazini. Kasipul kwa mwingine ni Rachuonyo Kusini, na Kabondo Kasipul ni Rachuonyo Mashariki. Suba Kaskazini bado inaitwa Mbita na watu wengi wanaoishi humo. Timu isiyokubaliana jina moja itajikuta na folda mbili za eneo moja, kila moja ikiwa na nusu ya kazi, na hakuna anayejua kwamba anasoma nusu. Wizara ya Afya iliukwepa mtego huu kwa kuvipa vituo vyote namba ya tarakimu tano katika orodha kuu ya vituo vya afya. Zahanati inaweza kuhamishwa kutoka wilaya hadi kaunti ndogo, wadi yake ikapewa jina jipya, yenyewe ikapandishwa daraja, namba inabaki. Fuoni wanafanya vivyo hivyo. Chini ya kanuni za kamati za usimamizi wa fuo, mashua husajiliwa. Mashua ya Sori ikiuzwa kwa mtu wa Muhuru Bay, jina la mwenyewe hubadilika na pengine hata lile lililopakwa rangi ubavuni, lakini namba ya usajili ndiyo inayoeleza kwamba mashua ni ile ile. Anwani ni kitu kimoja, utambulisho ni kingine. Folda ni anwani tu.

Kama mahali panahama polepole, miradi na watu huhama kwa kasi. Hili ni kosa la kawaida kuliko yote na ndilo ghali kuliko yote: tabaka la juu kabisa kupewa majina ya wafadhili au ya maofisa. Kaunti hizi mbili zimepokea mashirika mengi kwa sababu zimebeba mzigo mzito wa Ukimwi. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika hospitali ya pale, wakati ambapo dawa hizo zilikuwa ndoto kwa Waafrika wengi. Baada yao ikaja miradi mingi ya fedha za Marekani, mmoja ukiisha mwingine unaanza kwa jina jipya, mara nyingi na watu wale wale wakifanya kazi ile ile. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ofisi za miradi zilifungwa ndani ya siku chache tu. Mafunzo ya wahudumu, orodha za vifaa na ripoti za usimamizi zikiwa zimewekwa chini ya jina la mradi, hupoteza mwenyewe pamoja na mradi. Kazi ya kuwapima wajawazito wa Ndhiwa haikuisha Januari ile. Kwa hiyo tabaka la juu lingepaswa kuitwa kwa kazi, na jina la mfadhili likae ndani kama habari moja kati ya nyingi.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui hadi limewakuta. Katika Google Drive, hati iliyotengenezwa ndani ya sehemu binafsi ya mtu ni mali ya akaunti yake, hata kama amewashirikisha wenzake ishirini. Akaunti ikifutwa, hati zake zaweza kwenda nayo. Ziko hifadhi za pamoja ambamo hati ni mali ya taasisi na si ya aliyeiandika, na humo ndimo kazi ya timu inapostahili kukaa. Haifai kutumia saa nzima kupanga folda juu ya kiwanja cha mtu mwingine.

Sasa suala la kina. Tabaka ziwe ngapi? Kila folda unayofungua ni swali unaloulizwa, na kila swali ni nafasi ya kukosea. Mtu anayetafuta kwa simu, kwenye kioo cha upana wa kiganja, haoni mti mzima. Anaona tawi alipo tu. Akiingia tawi la tano na kukosa, itambidi arudi nyuma hatua kwa hatua bila kukumbuka alipopotelea. Kompyuta zenyewe zina kikomo: mifumo ya Windows kwa muda mrefu imekataa njia inayozidi herufi 260 kuanzia folda ya kwanza hadi jina la faili, na anayependa majina marefu ndani ya folda saba hufika hapo haraka. Naona tabaka tatu zinatosha timu ndogo: kazi, mahali, mwaka. Chanjo, kisha Nyatike, kisha 2024. Mpangilio huo una sababu. Watu huuliza kwanza kazi, kisha eneo, kisha wakati. Mtu husema “chanjo za Nyatike mwaka jana”, na folda zinafuata ulimi wake. Pia mwaka ndio unaoongezeka bila kikomo, kwa hiyo ukae chini ambako kuongezeka kwake hakusumbui kitu. Ukiuweka juu, kila Januari timu inajenga upya boma zima.

Miezi isiwe folda. Iingie kwenye jina la faili, na hapa inafaa kutazama kwa karibu. Kompyuta hupanga kwa herufi, kwa hiyo ripoti zilizoandikwa majina ya miezi zitajipanga Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari. Kwa Kiingereza mambo ni yale yale. Anayetafuta ripoti iliyokosekana hawezi kuliona pengo, kwa sababu mwaka wenyewe umevurugwa. Ukianza na tarakimu za mwaka kisha mwezi, 2024-01, 2024-02, 2024-03, ripoti hujipanga zenyewe kama watoto wa shule kwenye gwaride, na mwezi wa nne ukikosekana nafasi yake inaonekana wazi. Jina kamili linaweza kuwa 2024-03 MOH515 Nyatike, pamoja na namba ya kitengo. Linganisha na jina ambalo picha hupewa na WhatsApp inapohifadhiwa kwenye simu nyingi: IMG-20240312-WA0007. Hilo linaeleza siku picha ilipoingia na namba yake ya mfululizo katika programu hiyo. Halisemi ni fomu gani, ya wapi, wala ya mwezi upi. Picha za namna hiyo mia moja katika folda moja ni karatasi zilizomwagwa sakafuni, hata kama folda yenyewe ina jina zuri.

Yuko atakayesema kwamba haya yote ni ya zamani, kwa kuwa siku hizi kuna sehemu ya kutafutia: andika neno, hati inakuja. Hoja hiyo ina nguvu, na pale ambapo hati zimechapwa vizuri na mtandao hauyumbi, mtu aitumie bila kusita. Lakini kutafuta kwa neno kunahitaji ujue neno. Hati iliyoandikwa Mbita haitapatikana na anayetafuta Suba North. Muhtasari mmoja wa mkutano unaweza kuwa na Kiingereza kwenye kichwa, Kiswahili kwenye hoja na Dholuo kwenye maneno ya wazee. Utatafuta kwa lugha gani? Mwandiko wa kalamu kwenye picha ya fomu mara nyingi kompyuta haiusomi. Tena kuna hitaji ambalo kutafuta hakulitimizi hata kidogo, nalo ni kujua kilichopo. Mfanyakazi mpya aliyeletwa Kuria Mashariki hajui aulize nini. Akipitia folda zilizopangwa anajifunza kazi yenyewe: kumbe huwa kuna ripoti ya robo mwaka, kumbe usimamizi hufanywa wadi kwa wadi. Kisanduku cha kutafutia humjibu anayejua; anayeanza anahitaji njia ya kutembea.

Hoja nzito zaidi ni hii: hati moja ina nyumba zaidi ya moja. Ripoti ya mafunzo ya chanjo yaliyofanyika Awendo na kulipiwa na mfadhili fulani ni ya mafunzo, ni ya chanjo, ni ya Awendo na ni ya fedha. Mti unakulazimisha uchague tawi moja, na waliosomea kumbukumbu wanalijua tatizo hili tangu enzi za karatasi. DHIS2 yenyewe inalitatua kwa kutotegemea mti peke yake. Takwimu moja hupatikana kwa kituo, kwa aina ya fomu na kwa kipindi, upendavyo. Nakubali kwamba lebo zingekuwa bora kuliko folda kama zingewekwa kila siku na kila mtu. Ndipo shida ilipo. Mfumo wa taifa una watu walioajiriwa kusimamia orodha zake. Timu ya watu sita haina. Lebo isipowekwa mara tatu mfululizo haiaminiki tena, lakini folda hata mvivu lazima aitumie, kwa sababu hati haiwezi kukaa hewani. Basi hati ipewe nyumba moja, na kwenye zile nyingine iwekwe njia ya mkato inayoelekeza kwake. Kisichofaa ni kunakili. Nakala mbili za bajeti moja, moja ikiwa imesahihishwa na nyingine haijasahihishwa, zimeharibu kazi nyingi kuliko hati zilizopotea. Aliyekosa hati anajua amekosa, na aliyeshika nakala ya zamani anaamini ameshika ya kweli.

Sehemu inayonitia wasiwasi kuliko zote ni siri za watu. Wengi hudhani kitu kilichofichwa ndani sana, kwenye folda ya sita, kiko salama. Katika hifadhi nyingi za mtandaoni mambo huenda kinyume: aliyefunguliwa folda ya juu amefunguliwa zote zilizo chini yake. Orodha ya watoto waliokosa chanjo ina majina ya mama na namba zao za simu. Orodha ya waliokosa miadi ya dawa za Ukimwi, katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, ni jambo linaloweza kuvunja nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inamtaka anayezishika azilinde hivyo. Orodha kama hizo zisiwe ndani ya mti wa pamoja hata kidogo. Ziwe na mti wao wenyewe, wenye lango lake na majina machache yanayoruhusiwa kuingia, na folda ya pamoja ibaki na jumla zisizo na jina la mtu.

Kwa upande wa pili kuna haki ya kujua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa raia nafasi ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa maisha au uhuru wa mtu uko hatarini. Mvuvi wa Mfangano anayetaka kujua pesa za ukarabati wa gati zilikwenda wapi hapaswi kujibiwa kwamba ofisa aliyekuwa na faili alihamishwa. Haki yake inategemea Katiba, lakini pia inategemea kama kuna mtu aliyeandika tarehe vizuri kwenye jina la hati miaka mitatu iliyopita.

Kazi ya kutunza haya si ya kila mtu kwa usawa. Ikiwa ya wote haiwi ya mtu yeyote. Timu imchague mmoja, na awe na saa moja kila mwisho wa mwezi ya kupitia folda iitwayo Mengineyo, ambayo kila timu inayo iwe imekiri au la, na kuzipeleka hati kwao. Hati za kazi iliyoisha zihamishiwe folda moja ya zilizofungwa, zisifutwe. Na juu kabisa ya folda zote kuwe na ukurasa mmoja unaotangulia vingine, utakaomsaidia mtu wa mwaka 2050 kama orodha za Kumbukumbu za Taifa zinavyomsaidia leo anayeitafuta Suna akaelekezwa Kisii. Ukurasa huo hauhitaji ufundi. Uandikwe folda zimepangwa kwa kanuni gani, nani anazitunza, na chini yake majina mbalimbali ya eneo moja, mstari kwa mstari: Mbita, tazama Suba Kaskazini; Gwassi, tazama Suba Kusini; Karachuonyo, tazama Rachuonyo Kaskazini.